Gari Hii Hupita Wapi?

Heda nyingi, yaani mabomba maalumu ya kutolea moshi wa injini, hununuliwa kwa macho. Mteja huziona zimetundikwa ukutani dukani, mabomba manne yaliyopindwa kwa ustadi na kukutana chini kwenye kikusanyio kimoja, na moyo hukata shauri kabla akili haijauliza lolote. Simlaumu. Pistoni zimefichwa, kamshafti imefunikwa, krankshafti haionekani mpaka injini ifunguliwe. Heda peke yake imekaa nje, na kila kona yake inaeleza jinsi aliyeitengeneza alivyotaka moshi utoke. Lakini aliitengeneza kwa ajili ya injini fulani, inayozunguka kwa kasi fulani, katika barabara fulani. Huenda injini hiyo si yako, na barabara hiyo hujawahi kuipita.

Injini ninayoiwazia ni ya Datsun 1600 SSS, ya ukoo wa 510 ulioanza kuuzwa Japani mwaka 1967. Afrika Mashariki gari hili si mgeni. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani yake, na mwaka uliofuata wawili hao hao wakashinda tena, safari hii kwa Datsun 240Z. Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaja kulirudia jambo hilo kwa 240Z mwaka 1973. Magari hayo yalijijengea jina kwenye tope na vumbi letu, na jina hilo ndilo linalowafanya watu hadi leo wazitoe Datsun kuukuu mabandani, wazipige rangi upya, kisha waanze kujiuliza injini inaweza kuongezwa nini bila kuivuruga.

Injini yenyewe inaitwa L16. Ina silinda nne zenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,595 kwa jumla, kipenyo cha silinda milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7, kamshafti moja juu ya hedi inayozungushwa kwa mnyororo, na kwenye SSS kabureta mbili. Ninaposema imerekebishwa kwa kiasi nina maana ya hedi iliyosagwa kidogo ili kuongeza mgandamizo, vali zilizokalishwa upya, na kamshafti inayoziacha vali wazi kwa muda mrefu kidogo kuliko ile ya kiwandani. Kabureta ni zile zile. Injini ya namna hii imekaa katikati: si ya kiwandani tena, wala si ya mashindano, na hapo katikati ndipo heda isiyofaa huleta hasara kubwa. Injini ya mashindano ina mtu anayeipima kila wiki. Ya kiwandani ilipimwa na wahandisi kabla haijauzwa. Hii ya katikati inamtegemea mwenye nayo.

Moshi hautoki kwenye injini kwa mkondo mmoja laini, hutoka kwa mapigo. Vali ya kutolea moshi hufunguka pistoni ikiwa bado inashuka, nyuzi kama 60 za mzunguko wa krankshafti kabla haijafika chini kabisa. Wakati huo shinikizo ndani ya silinda bado limezidi la hewa ya nje mara kadhaa, na gesi huruka nje kwa kishindo. Kishindo hicho huzaa wimbi, na wimbi huitangulia gesi yenyewe, kwa sababu linakwenda kwa mwendo wa sauti, na katika moshi wenye joto kali sauti hupita mita 500 kwa sekunde. Likifika pale bomba linapopanuka ghafla kuingia kwenye kikusanyio, sehemu yake hugeuka na kurudi kuelekea kwenye vali. Ila linarudi limebadilika. Lilikwenda likisukuma, linarudi likivuta.

Hapo ndipo uzuri wote wa heda ulipo, na kila nikiufikiria hunipa furaha ile ile. Katika bomba la urefu wa karibu mita moja, kwenda na kurudi huchukua chini ya sehemu nne za elfu za sekunde. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sehemu 12 za elfu. Wimbi basi lina nafasi ya kurudi mlangoni, hata kugeuka tena kwa nguvu iliyopungua, kabla vali haijafungwa. Likifika wakati pistoni iko juu, vali ya kutolea haijafungwa na ya kuingizia ndiyo kwanza inafunguka, huvuta mabaki ya moshi uliojificha chumbani na kuanza kuita mchanganyiko mpya kabla pistoni haijaanza kushuka kuufuata. Silinda hujaa zaidi kuliko pistoni ingeweza kuijaza peke yake. Likifika wakati mwingine, au likitanguliwa na wimbi la kusukuma kutoka silinda jirani, moshi hurudishwa ndani na mchanganyiko mpya huchafuka.

Mbali na wimbi kuna mwendo wa gesi yenyewe. Lori likipita kasi kwenye Barabara ya Mombasa huacha nyuma yake upepo unaokokota vumbi na makaratasi. Pigo la moshi linalokimbia ndani ya bomba jembamba huacha nyuma yake uvutaji wa aina hiyo, na pigo linalofuata hulikuta bomba limeshafyonzwa. Bomba likiwa pana kupita kiasi, gesi hupoa, hupunguza mwendo, na uvutaji hudhoofika.

Nadhani hapo ndipo lilipozaliwa neno linalosikika katika kila gereji, kwamba injini inahitaji presha ya kurudi nyuma kwenye ekzosi. Haihitaji. Hakuna injini inayofaidika kwa kuzibiwa njia ya moshi. Kilichotokea ni kwamba mtu alifunga mabomba mapana, gari likapoteza nguvu kwenye mwendo wa chini, akahitimisha kwamba amepunguza presha mno. Alichokipoteza ni mwendo wa gesi. Na mara nyingi hakuzigusa kabureta, wakati injini ilikuwa sasa inavuta hewa kwa namna nyingine na kupata petroli pungufu. Makosa mawili yakapewa jina moja, na jina hilo limewagharimu watu pesa nyingi.

Urefu na upana wa bomba, kwa hiyo, ndiyo mambo ya kuamua, na yote mawili hufuata kasi ya mzunguko ambapo unataka injini ifanye kazi vizuri zaidi. Philip H. Smith aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1962, na baada yake A. Graham Bell alilifupisha kuwa kanuni ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kalamu juu ya boksi la gasketi. Chukua 180, ongeza nyuzi ambazo vali ya kutolea hufunguka kabla pistoni haijafika chini, zidisha kwa 850, gawanya kwa mizunguko kwa dakika, kisha toa 3. Jibu ni urefu wa bomba kwa inchi. Kanuni ya pili hutoa kipenyo cha ndani kutokana na urefu huo na ujazo wa silinda moja.

Nikiifanya kwa L16 yenye vali inayofunguka nyuzi 60 mapema, nikitaka nguvu ikae kwenye mizunguko 5,500, napata bomba la inchi 34, yaani milimita 866, lenye kipenyo cha ndani cha milimita 35. Nikitaka nguvu ikae kwenye 7,000, urefu unashuka hadi milimita 664 na kipenyo kinapanda hadi karibu 39.5. Milimita nne na nusu ni kitu kidogo mkononi. Lakini eneo la tundu limeongezeka kwa zaidi ya robo, na moshi uleule sasa unapita mahali palipo wazi zaidi kwa robo nzima. Kanuni hizi ni za kukadiria, si hati ya mahakama, na injini mbili za aina moja zaweza kutofautiana. Hata hivyo zinatosha kumwonyesha mtu kwamba heda mbili zinazofanana kwa macho ni vitu viwili mbalimbali.

Nilipokuwa naulizia bei Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, fundi mmoja hakuniuliza nina pesa kiasi gani. Alishika mkononi bomba la inchi moja na robo tatu, akalitazama gari, akasema:

“Mzee, gari hii hupita wapi?”

“Mjini. Naivasha. Mara mojamoja Mombasa.”

“Na elfu saba itafika lini?”

Hakungoja nijibu. Alilirudisha bomba lile mahali pake, akachukua la inchi moja na nusu.

Hesabu ilikuwa upande wake. Bomba la inchi moja na nusu kwa nje, lenye ukuta wa milimita 1.6, lina kipenyo cha ndani kisichopungua 35 hata nusu milimita. Lakini yeye hakufanya hesabu, aliuliza juu ya barabara, na swali lake lilikuwa kubwa kuliko kanuni, maana kanuni haiwezi kuanza kabla mtu hajataja mizunguko. Mjini Nairobi gari huishi kati ya mizunguko 1,500 na 2,500. Kwenye barabara kuu kwa kilomita 100 kwa saa Datsun hii huzunguka karibu mara 3,500. Ukipanda kutoka Mai Mahiu umebeba watu wanne na mizigo, ukishusha gia hadi ya tatu, unatembea kati ya 3,000 na 4,000, na hapo ndipo unapojua kama heda yako ni rafiki. Elfu saba ni ya dakika chache mno kuijengea ekzosi nzima. Mtu anayechagua heda kwa ajili ya dakika hizo anaziibia saa zake nyingine zote.

Kuhusu mpangilio wa mabomba msimamo wangu ni mmoja. L16 huchoma kwa mfuatano wa 1, 3, 4, 2. Silinda ya kwanza na ya nne zimetengana kwa mzunguko mzima, na vivyo hivyo ya pili na ya tatu. Unganisha la kwanza na la nne, la pili na la tatu, kisha mabomba mawili yanayopatikana yakutane mbele zaidi kuwa moja. Kila jozi hupata mapigo yaliyoachana sawasawa, na uvutaji husambaa kwenye mizunguko mingi badala ya kurundikana kileleni. Mpangilio wa mabomba manne kuingia kwenye kikusanyio kimoja kwa mara moja hutoa kilele kirefu zaidi juu, na kwa gari la mbio za saketi ni chaguo la haki. Kwa gari la barabarani lenye kamshafti ya kiasi, nne kwa mbili kwa moja. Na nimeona heda zilizounganisha la kwanza na la pili, la tatu na la nne, kwa sababu tu hivyo ni rahisi kupinda. Hizo ziachwe ukutani. Baada ya kikusanyio, bomba la milimita 50 na sailensa ya kupitisha moja kwa moja vinatosha.

Manifodi ya kiwandani nayo inastahili haki yake. Ni chuma cha kusubu, nzito, na njia zake ni fupi na zenye kona kali. Lakini haipasuki kwa mtetemo, haipigi kelele, na gasketi yake hudumu. Kama injini bado ina kamshafti ya kiwandani, ule muda ambao vali zote mbili ziko wazi kwa pamoja ni mfupi, na wimbi linalorudi halina pa kufanyia kazi. Heda hapo itaongeza kidogo sana. Kijana mwenye Datsun ambayo haijaguswa akiniuliza, nitamwambia pesa zake zikakalishe vali na kufufua kabureta kwanza.

L16 ina jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Hedi yake inaingiza na kutoa upande mmoja. Kabureta ziko juu ya mabomba ya moshi, na manifodi zote mbili zinatumia gasketi moja na kubanwa na baadhi ya boliti na washa zilezile. Flanji ya heda ikiwa nyembamba au nene kuliko ya manifodi ya kuingizia, washa hukaa upande, moja hubanwa na nyingine huvuja. Pima unene huo kabla hujalipa. Pima pia matundu: mdomo wa bomba uwe mkubwa kidogo kuliko tundu la hedi, usiwe mdogo hata kwa kucha, kwa sababu ukingo unaojitokeza ndani ya njia huuzuia moshi kutoka, wakati ukingo unaorudi nyuma huuzuia kurudi.

Kisha joto. Ukisimama Mtito Andei kunywa chai baada ya mwendo mrefu, injini haipozwi tena na upepo, na joto la mabomba hupanda moja kwa moja hadi kwenye vikombe vya kabureta. Petroli huchemka na gari hukataa kuwaka hadi ipoe. Nyanda za juu hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa hewa ikiwa nyepesi petroli huchemka mapema. Bamba la alumini kati ya mabomba na kabureta, lililoachiwa nafasi ya hewa pande zote mbili, linafanya kazi kubwa kwa bei ndogo. Wengine huyafunga mabomba kwa bandeji ya joto. Kwa chuma cha kawaida siipendi, maana hushika unyevu na kulifanya bomba liwe na joto kupita kiasi, na kutu hulila likiwa limefichwa.

Kwa Nairobi chuma cha kawaida chenye ukuta wa milimita 1.6 kinatosha. Anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako chumvi iko hewani mwaka mzima, ana sababu ya kulipia chuma kisichoshika kutu, mradi ajue kwamba chuma hicho hutanuka kwa joto karibu nusu mara zaidi ya kile cha kawaida. Kikibanwa pande zote bila kiungo cha kuteleza, hupasuka kwenye mshono.

Mafundi waliopo hapa kwetu wanaweza kuitengeneza heda. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu desturi imekuwa kuagiza kutoka ng'ambo kitu kilichopimwa kwa gari lenye usukani wa kushoto na barabara zisizo na matuta. Mafundi wa jua kali wanajua kulijaza bomba mchanga mkavu, kuziba ncha zote, kulipasha moto na kulipinda bila kubonyea. Ukiwapa hedi kuukuu iliyokufa wakafunga flanji juu yake kabla ya kuchomelea, haitapinda. Wakishikiza viungo kwa nukta gari likiwa kwenye magurudumu yake na injini ikiwa mahali pake, wataona bomba linagusa wapi. Kikusanyio kikae juu ya kiwango cha sampu ya oili, kamwe kisishuke chini yake, kwa sababu matuta yetu hayana huruma na kitu kilichoning'inia. Ni heri nipoteze sentimita chache za urefu uliokokotolewa kuliko kulikwaruza bomba kila ninapoingia mtaani. Nati zikazwe upya baada ya joto la kwanza, na tena baada ya safari chache, injini ikiwa imepoa.

Kazi ya mwisho iko kwenye kabureta, na ndiyo inayorukwa zaidi. Heda inayovuta vizuri huifanya injini ipumue zaidi, na sindano zilizofaa manifodi ya zamani zaweza kuiacha na petroli pungufu kwenye mzigo mkubwa, hali inayochoma vali za kutolea moshi. Kwetu jambo hili lina upande mwingine. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kabureta iliyorekebishwa hapo ikawa sawasawa itakuwa na petroli pungufu ikifika Mombasa, kwenye hewa nzito. Dereva hatambui kitu, maana gari huko chini lina nguvu zaidi na linafurahisha. Kwa hiyo Datsun inayoshuka pwani ni bora irekebishwe pwani: iendeshwe kwa mzigo kwenye barabara tambarare, izimwe ghafla, plagi zitolewe na rangi yake isomwe, kisha nati iliyo chini ya kila kabureta izungushwe kidogokidogo, zote mbili kwa kipimo kimoja, hadi plagi ziwe za kahawia. Ikirudi Limuru plagi zitakuwa nyeusi kidogo na petroli itatumika zaidi kidogo. Gharama hiyo naikubali.